Maharage yalichacha kabla ya Dodoma, na Kigoma bado mbali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Ni Msabato. Nyama niliiacha tangu nikiwa kidato cha nne, na miaka minne iliyopita nikaacha na samaki, mayai na maziwa. Nyumbani hilo si tatizo tena. Mume wangu anakula anachotaka huko kazini, binti yetu wa miaka 7 anakula ninachopika, maisha yanakwenda.

Tatizo ni safari. Mume wangu ni mtu wa Kigoma, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili tunakwenda Ujiji kumwona mama yake. Tunapanda treni ya zamani kwa sababu basi linamtapisha mtoto. Ni usiku mbili njiani, na hapo ni kama hakijaharibika kitu.

Desemba iliyopita nilijiandaa nikaona nimemaliza. Nilipika wali wa nazi na maharage ya nazi, nikavijaza kwenye hotpoti mbili. Nikachoma chapati ishirini, nikazipanga kwenye ndoo ya plastiki zikiwa bado za moto ili zisikauke, nikafunga kifuniko. Tulipopita Morogoro nikafungua maharage, yanatoa povu kama pombe. Wali ulikuwa unanuka, mume wangu akaumwaga dirishani. Asubuhi, karibu na Dodoma, nazo chapati nikizishika zinateleza. Mbele ya Itigi treni ikasimama kutwa nzima, tukaambiwa kuna behewa limetoka relini huko mbele. Tukawa tunakula biskuti na ndizi. Biskuti zenyewe nilikuja kusoma paketi baadaye, zina maziwa ya unga.

Vituoni, Shangazi, wanaokuja dirishani wana kuku, mayai na samaki. Mtoto akalia anataka yai. Baba yake akamnunulia. Nikanuna, naye akaniambia, "Kwako kula mboga zako, lakini safarini mtu anakula anachokikuta, hata Mungu anajua tuko njiani." Hatukusemeshana mpaka Tabora. Tukafika Ujiji njaa inauma, mama mkwe ametuandalia samaki, migebuka wa kukaanga, sinia nzima. Nikala ugali na chumvi, yeye akanitazama tu.

Desemba hii tunakwenda tena. Kuna kijana anauza deli la kuwekea barafu, bei yake si ndogo. Ninunue? Au nibebe matunda matupu siku mbili? Au mume wangu ana haki, nijilegeze nikiwa njiani?

Mama wa Mbagala


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo, unisamehe, kwa sababu hayo maharage yanayotoa povu nayajua. Mimi ni mtoto wa Tanga, tui nimelijua kabla sijajua kusoma. Ukitaka chakula kiharibike upesi, kitie tui, kifunge kwenye hotpoti kikiwa na uvuguvugu, kisha kitembeze juani. Hata ungekuwa unakwenda Korogwe tu, yangekushinda.

Nikwambie kabisa kwamba mimi nyama nakula, kwa hiyo sitakuhubiria wala sitakutetea. Umeamua kula mimea tu, basi swali letu ni moja: unaibebaje mpaka Kigoma.

Deli usinunue. Barafu ya Dar itakuwa maji kabla hamjamaliza mkoa wa Morogoro, na barafu nyingine ya kuaminika hutaipata vituoni. Utabaki na ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye vyakula vinavyoelea, umekalia nafasi ya miguu ya mtoto, na huku bado una zaidi ya kilomita 800 mbele yako.

Kilichokuangusha mwaka jana, mwanangu, si kukosa friji. Ni maji. Tazama kabatini kwako: karanga kavu zinakaa wiki, unga unakaa, ufuta unakaa, hakuna aliyeviwekea barafu. Uji wa unga huohuo haufiki jioni. Vijidudu vinataka unyevu ndipo vizaliane, na wewe ulipakia kikapu kizima cha unyevu: wali, maharage, tui, chapati zenye mvuke. Safari hii beba vikavu, maji utayakuta njiani. Wenye kujenga reli hiyo, Wajerumani, waliifikisha Kigoma mwaka 1914, lakini watu wa pwani na wa Unyamwezi walikuwa wakiipita njia hiyo kwa miguu miaka mingi kabla yake, na hakuna aliyebeba hotpoti.

Niseme neno kuhusu wali, maana huo hauchachi tu, unaumiza. Mchele una kijidudu kiitwacho Bacillus cereus ambacho mbegu zake, ziitwazo spora, hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo ya kutapisha haiondoki hata ukiupasha moto upya. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya muda wa saa 2 kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, yaani joto la behewa lenu kutwa. Kwa hiyo mume wako alivyoumwaga dirishani alifanya la maana, hata kama hukulipenda. Kama unautaka wali sana, pika asubuhi ya safari, bila nazi, mle mapema kabla hata ya kufika Ruvu, na kinachobaki kisionekane tena.

Sasa tuje kwenye chapati, kwa sababu hizo hazikuwa na kosa, kosa ni ndoo. Ulizifunga za moto. Mvuke ukapanda, ukagonga kifuniko, ukageuka matone, yakadondokea chapati ya juu, ikalowa, ikalowesha ya pili. Usiku kucha. Asubuhi unashika utelezi. Safari hii zikande kwa maji kidogo na mafuta ya kutosha, bila kitunguu, bila karoti, bila boga, hizo mbwembwe zote zina maji. Zichome taratibu mpaka ziwe na madoa ya kahawia, kisha zitandaze moja moja juu ya ungo au meza yenye kitambaa, upande huu na ule. Usizipange. Acha zipoe kabisa, mpaka ukiweka kiganja husikii joto lolote. Hapo ndipo uzifunge kwenye kitambaa safi cha pamba, kanga kuukuu iliyofuliwa inafaa, na uziweke kwenye kikapu cha ukindu kinachopitisha hewa. Zitakuwa ngumu kidogo, ndiyo. Ngumu ndiyo tunayoitaka. Chapati za namna hiyo zile siku ya kwanza na asubuhi ya pili, usizitegemee zaidi ya hapo.

Kwa baada ya hapo, nenda Kisutu. Wahindi wa Kigujarati wa Dar walio Wahindu na Wajaini, wengi wao hawali nyama vizazi na vizazi, na hesabu hii ya kusafiri na mboga walikwisha kuipiga zamani. Ulizia khakhra. Ni kama chapati nyembamba sana iliyokaushwa juu ya chuma huku ikigandamizwa mpaka inavunjika kama papadi, na inakaa wiki nyingi kwenye kopo. Muulize muuzaji kama imepakwa samli, maana nyingine zinapakwa, na samli ni maziwa. Chukua na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa dengu, karanga na viazi vilivyokaangwa na bizari. Binti yako ataumaliza kabla ya wewe kuuonja, kwa hiyo ficha mfuko mmoja.

Lakini kinachonishangaza ni kwamba unapita katikati ya nchi ya chakula cha safari na hukioni. Wasukuma na Wanyamwezi, ndio hao wa Tabora mnakopita, wana viazi vitamu vya kukausha vya namna mbili. Michembe hukatwa vibichi vikaanikwa, na kuvila mpaka uvichemshe. Matobolwa huchemshwa kwanza, yakakatwa, ndipo yakaanikwa. Haya ndiyo yako. Yanatafunwa hivihivi, makavu, matamu, na ukiyala pamoja na karanga unashiba kweli, si kushiba kwa biskuti. Yaulize masoko ya Dar, wauzaji waliotoka kanda hiyo huwa nayo. Kwa mtoto, yaloweke kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto yalainike.

Karanga umezijua tangu utotoni, sina la kukufundisha isipokuwa moja. Chambua kabla ya kukaanga, punje baada ya punje. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa, na usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haionekani kila mara, na haimalizwi na kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya nafaka, kwa hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Karanga njema, korosho, tende na kashata za karanga zilizokazwa vizuri: ukiwa na hivyo vinne, hata treni ikisimama tena pale Itigi utaitazama tu. Kashata za nazi acha, nazi mbichi tumekwisha kuisema. Na halua mtu asikudanganye kuwa ni wanga na sukari tu, ina samli.

Mtataka kitu cha moto, hasa jioni ya pili. Siku moja kabla ya safari, na nyinyi Wasabato mna siku yenu ya maandalio kila Ijumaa kwa hiyo kazi hii mnaiweza kuliko mimi, tengeneza mifuko. Katika kila mfuko weka konzi mbili za tambi nyembamba zilizovunjwavunjwa, konzi moja ya nyama ya soya iliyosagwa ndogo ndogo, kitunguu ulichokaanga mpaka kikakauka na kuwa kama majani makavu, bizari, chumvi, pilipili manga. Funga. Njiani nunua maji yanayochemka kwenye behewa la chakula, au maji ya chai vituoni, lakini uone mwenyewe yanatokota. Suuza chupa ya chai kwa maji ya moto kidogo, umwage, tia mfuko wako, jaza maji mpaka yafunike kwa vidole viwili, funga. Subiri robo saa. Kamulia ndimu. Mle yote palepale, mabaki hayawekwi.

Ujanja huu wa chupa ya chai utakutia tamaa ya kupikia maharage pia. Usithubutu. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ambayo inataka kuchemka kweli, tena kwa dakika 10 na zaidi, ndipo ife. Maji ya kwenye chupa yanapoa polepole, hayachemki, na maharage ya namna hiyo yatawalaza wote watatu sakafuni. Nyama ya soya ya dukani imekwisha kupikwa kiwandani, ndiyo maana naiamini.

Vituoni si kuku na mayai tu, mwanangu. Wewe ulikuwa umekasirika, hukuangalia vizuri. Nunua kinachomenywa: machungwa, ndizi, miwa. Dodoma ukikuta zabibu, hizo zioshe kwa maji yako ya chupa. Mahindi ya kuchoma yakitoka motoni mbele ya macho yako ni chakula safi kabisa. Maharage ya mama lishe nayo unaweza kuyala, lakini uliza yamepikwa saa ngapi na usikilize anavyojibu. Yakifuka moshi, chukua. Yakiwa yamefunikwa na sahani, yamepoa, yana ngozi juu, mpitie kwa upole.

Tabora utaletewa asali. Hapo wenzako wanaokula mimea tu wengi hawaigusi, kwa kuwa ni ya nyuki. Hukuniambia wewe umesimama wapi na sitakuamulia.

Kuhusu mume wako. Lile yai, liache lipite. Aliona mtoto wake analia mbele ya dirisha, na baba gani angegeuka pembeni akasubiri uamuzi wa kikao? Ulinunia yai, lakini nadhani kilichokuuma ni zile chapati. Lakini naye kusema safarini mtu anakula anachokikuta, hapo amekosea, maana safari hii mtakuwa mmebeba cha kukuta. Mpe kazi. Mpe kuchambua karanga, kukata nyanya na tango kwa kisu kidogo na kukamulia ndimu pale behewani. Nyanya na tango nunua ngumu, zikiwa hazijamenywa zinakaa siku mbili vizuri, zikishakatwa ni kula. Mwanamume aliyechambua karanga kilo mbili hatasema tena "mboga zako".

Na kazi nyingine ya kwake peke yake: kumpigia simu mama yake. Si wewe, yeye. Ukipiga wewe, mkwe anakataa chakula chake kabla hajafika. Akipiga yeye, ni mtoto anamwomba mama. Aseme, "Mama, mwenzangu hali samaki wala dagaa wala yai, si kwa kukudharau, ni imani yake. Tupikie sombe." Huko kwao kisamvu, ndicho hiyo sombe, kinaungwa kwa mawese na karanga, na kinachoharibu mambo yako ni dagaa tu wanaotupiwa humo. Asipoambiwa mapema atawatia, na hatajua kosa lake ni nini. Ugali wa muhogo upo, maharage yapo, ndizi zipo. Mama huyo alikutazama kwa sababu alipika sinia nzima na hakuna aliyemwambia. Ungekuwa wewe, ungetazama pia.

Jambo moja hukuniuliza. Wewe na mtoto mkiwa hamgusi nyama, samaki, yai wala maziwa, vitamini B12 hamuipati kwenye mboga wala karanga. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari mnavyokula, akupangie vidonge vyenu, wewe na hasa binti. Hili si la safari tu na lisisubiri Desemba. Biskuti nazo, soma paketi dukani, si ukifika Itigi.

Wakati wa kurudi mtapewa dumu la mawese, najua watu wa Kigoma. Hilo halihitaji barafu wala ushauri wangu, mafuta hayana maji ndani yake. Kagua kifuniko tu, kisha liweke chini, mbali na kikapu. Niliwahi kuona behewa zima likinuka mawese kutoka Uvinza mpaka Morogoro, na mwenye dumu amejifanya amelala.

Shangazi